MVUA YA BUKOBA HAINA HATIA

Kila masika yanapoingia katika nchi ya Buhaya, na barabara za udongo za Bukoba na Muleba zikageuka tope, husikika neno lile lile: "Ni mvua." Gari limezama, ni mvua. Mgonjwa amechelewa kufika hospitali, ni mvua. Kahawa imelala kijijini na ndizi zimeivia njiani, ni mvua. Ndugu wasomaji, neno hilo mnalijua sana, maana hata visiwani kwetu limekwisha kuwa kama dua ya kufungia mkutano. Leo twataka kulipinga, na twalipinga kwa hoja, si kwa matusi.

Huenda mtu akauliza: gazeti la visiwani lina haja gani na barabara za Bukoba, ilhali ujenzi wa barabara si jambo la Muungano? Jawabu ni kwamba udhuru hauna mpaka. Udhuru ukikubaliwa Muleba leo, kesho utapanda meli uje kwetu. Na mahali pa kuupima udhuru huu ni pale penye mvua nyingi kabisa, ambapo unaonekana kuwa na nguvu.

Mji wa Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Pepo za Ziwa Viktoria ndizo ziletazo mvua hiyo, na kadiri mtu anavyokwenda magharibi kuelekea Karagwe ndivyo inavyopungua. Mvua hiyo si mgeni aliyebisha hodi jana. Ilikuwako mwaka 1890 Wadachi walipoweka kituo chao hapo, na ilikuwako kabla yao. Nani basi aliyekwenda kujenga barabara Bukoba akastaajabu kuona mvua?

Tena hapana mhandisi awezaye kusema kuwa hakuambiwa. Wizara ya Ujenzi ilitoa mwaka 1999 mwongozo wa usanifu wa barabara na vifaa vyake, na ndani yake nchi imegawanywa kanda tatu: kavu, ya wastani, na ya mvua. Udongo hupewa madaraja kwa nguvu zake, G3, G7, G15 na kuendelea, na nambari hiyo ni kiasi cha nguvu za udongo, kwa mia, ukilinganishwa na kokoto bora iliyovunjwa. Sikilizeni sasa jinsi udongo wa mahali penye mvua unavyopimwa. Hushindiliwa ndani ya kopo la chuma, kisha hutiwa majini ukakaa siku 4, ndipo hukandamizwa kwa nguzo ya chuma ili ijulikane unastahimili nini. Siku 4 majini! Yaani masika yamekwisha kutiwa ndani ya hesabu kabla greda halijawashwa moto. Aliyeupima udongo namna hii hawezi kulaumu mvua; na ambaye hakuupima hana haki ya kulaumu kitu cho chote.

Na Buhaya hakuna uhaba wa udongo mwema, ila hapana budi kuuchagua. Mkulima wa huko ana elimu yake ya zamani juu ya jambo hili: hutofautisha kibanja na rweya. Kibanja ni shamba la migomba, udongo mweusi uliolishwa samadi na majani kwa vizazi vingi. Kwa mgomba ni mali, kwa barabara ni khatari, kwani majani yaliyomo huoza na udongo hudidimia. Udongo huo yapasa ukwanguliwe wote uondolewe kabla tabaka la kwanza halijamwagwa. Rweya ni mbuga ya majani, udongo maskini usiofaa migomba, na mara nyingi huko ndiko mwamba na changarawe ziliko karibu. Mabondeni kwenye mafunjo ni mambo mengine kabisa: hapo tope laini huchimbwa likatupwa na mahali pake hujazwa mawe, au barabara izungushwe. Kumwaga kifusi juu ya mafunjo ni kuyalisha mafunjo.

Khalafu kuna moramu, yaani changarawe nyekundu. Watu wengi hudhani kila chekundu ni moramu. Sivyo. Moramu njema ina punje ngumu za chuma, kubwa na ndogo zilizochanganyika ili ndogo zijaze nafasi baina ya kubwa, na ina udongo mfinyanzi kidogo wa kuzishikamanisha. Mfinyanzi ukizidi, barabara huteleza kama sabuni siku ya mvua. Ukipungua mno, punje huachana, ikawa vumbi na mawimbi yale yanayomtingisha abiria mpaka meno. Ungo na mizani ya maabara huonyesha tofauti hiyo kwa muda mfupi. Walakin shimo la karibu huwa na rafiki wengi kuliko shimo jema, kwa kuwa lori linalokwenda maili mbili hula mafuta machache kuliko linalokwenda maili kumi.

Sasa tuje kwenye kushindilia, na hapa ndipo udhuru wa mvua unapogeuka kuwa kichekesho. Mwaka 1933 Ralph Proctor, mhandisi wa mabwawa huko California, alieleza jambo ambalo fundi wa kupiga sakafu ya udongo angelifahamu mara moja. Udongo mkavu hukataa kushindiliwa, punje husuguana zisisogee. Ukiutia maji kiasi, punje huteleza zikakaribiana. Ukiyazidisha, maji hukamata nafasi na udongo huchezacheza chini ya mtambo. Kila udongo una kiasi chake cha maji kinachoupa uzito mkubwa kabisa, na kiasi hicho hujulikana maabara. Basi mwenye kumwaga moramu kiangazi, tabaka nene kama godoro, akapitisha mtambo mara mbili bila gari la maji, ameunyima udongo maji siku ulipoyahitaji. Masika huja kuyaleta, na magurudumu ya malori hufanya kazi iliyoachwa. Ila gurudumu halishindilii barabara nzima, hushindilia mifereji miwili. Maji hukaa humo. Mwenye kunyima maji ndiye yule yule alaumuye maji!

Wataambia kwamba vipimo ni ghali. Kipimo cha barabarani ni hiki: huchimbwa kishimo kidogo katika tabaka lililokwisha kushindiliwa, udongo uliotoka hupimwa uzito na unyevu wake, na kishimo hujazwa mchanga ambao uzito wake kwa ujazo unajulikana, ikapatikana nafasi yake. Hesabu huonyesha kama tabaka la chini limefikia 95 kwa mia ya uzito wa maabara, na msingi ulio juu yake 98. Mchanga, mizani, sururu na kijana aliyefunzwa. Huo ndio ughali wenyewe. Linganisheni na kumwaga moramu ile ile kila mwaka katika shimo lile lile.

Na fedha ni za nani? Mwaka 2021 kila lita ya petroli na dizeli Tanzania Bara iliongezewa tozo ya shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini. Mwenye bodaboda wa Kamachumu alilipa, na mama aliyepanda bodaboda hiyo na mkungu wake wa ndizi alilipa ndani ya nauli. Hawa wana haki ya kuuliza kilichomo chini ya magurudumu.

Madai yetu basi ni haya. Tabaka lo lote lisifunikwe na jingine kabla ya kupimwa, na matokeo yasomwe katika baraza la madiwani kwa Kiswahili, shimo la moramu likitajwa kwa jina la kijiji chake. Mgongo wa barabara uinuliwe na mitaro ichimbwe siku ile ile moramu inapowekwa, maana barabara isiyo na mtaro ni mtaro yenyewe. Lori lililojaa lipitishwe polepole juu ya kazi iliyokwisha, diwani na wazee wakitazama kama ardhi inabonyea. Mashimo yaliyochimbwa moramu yafukiwe, yasiachwe yawe madimbwi ya mbu na khatari kwa watoto. Kazi ifanywe baina ya Juni na Agosti, na gari la maji liwepo tangu siku ya kwanza. Na itakapofika Oktoba, mvua za vuli zikiikuta barabara imeharibika, vyeti vya vipimo viletwe mezani kwanza, kabla mtu ye yote hajanyosha kidole mbinguni.