Muziki wa nyumbani: kabla ya kuchagua programu, Likasi irekodi midundo yake

LIKASI – Katika lupango nyingi za Kikula, Panda na Shituru, studio siku hizi ni kompyuta moja iliyokwisha kutumiwa na wengine, godoro lililoegemezwa ukutani ili sauti isirudi, na kijana anayesubiri umeme wa SNEL. Swali linaloulizwa kila mahali ni moja: itumiwe programu gani? Wengi hujibu haraka: FL Studio. Jibu hilo si baya, lakini linaruka swali lililopaswa kuja kwanza. Vile vipande vinavyojirudia, ambavyo vijana wanaviita lupu, vitatoka wapi?

Programu hizi zinafanana kwa kazi. Mtu anachukua kipande kifupi cha ngoma, besi au gitaa, anakirudisha tena na tena, anapanga vingine juu yake, kisha anaimba. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, mapigo manane yanachukua sekunde 4 tu. Sekunde hizo 4 ndizo zinazomwambia msikilizaji wimbo umetoka wapi. Anayezichukua kwenye mkusanyiko uliotengenezwa Ulaya au Marekani anapata sauti safi, lakini watu wengi duniani wanayo sauti ileile.

Na mji huu haujakosa vipande. Mwaka 1952, wakati Likasi ilikuwa bado inaitwa Jadotville, Hugh Tracey alimrekodi hapa kijana wa Bunkeya, Mwenda Jean Bosco, akiwa na gitaa lake tu. Wimbo wake "Masanga" ulivuka bahari, na wapiga gitaa wa mbali wanajifunza kuupiga hadi leo. Kidole gumba kilibeba besi, kidole cha shahada kikaimba juu yake: mzunguko mfupi unaorudi, na kila ukirudi umebadilika kidogo. Huko Lubumbashi kuna karindula, inayotengenezwa kwa pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi na nyuzi nne. Ni vigumu kukuta sauti kama hizo kwenye mikusanyiko inayouzwa.

Kwa hiyo programu ipimwe kwa maswali matatu. Inafunguka bila intaneti? Inakubali kwa urahisi sauti iliyorekodiwa na mtu mwenyewe? Na kazi ikihifadhiwa, inabaki mkononi mwa mwenyewe?

FL Studio, ambayo zamani iliitwa FruityLoops, inatoka kwa kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji. Anayeinunua anapata matoleo mapya bure maisha yake yote, na hilo ni jambo jema. Lakini toleo la kujaribu lina mtego: mtu anaweza kuhifadhi kazi, ila hawezi kuifungua tena ilivyokuwa mpaka alipe. Umeme ukikatika kabla wimbo haujamalizika, kazi inakwama. Ndiyo maana wengi wanakimbilia nakala za wizi zinazopita kwenye flash, na virusi vinaingia nazo. Kijana anayelalamika kwamba nyimbo zake zinaibiwa afikirie pia yule aliyetengeneza programu.

Ableton Live, iliyotoka Berlin mwaka 2001, ni nzuri hasa kwa jukwaa, lakini toleo kamili linagharimu mamia ya dola. GarageBand ni ya wenye vifaa vya Apple peke yao. BandLab ni ya bure na inafanya kazi kwenye telefone, ila inategemea sana intaneti, na mega za kutuma na kupokea sauti kila siku si za kila mfuko.

Kwa nyumba nyingi za Likasi, njia ya kuanzia iliyo bora ni LMMS pamoja na Audacity. Zote mbili ni za bure kwa haki, zinafanya kazi bila intaneti, na hazidai kompyuta ya bei kali. Kasoro ipo: toleo la kawaida la LMMS halirekodi sauti moja kwa moja. Audacity inarekodi gitaa au sauti ya mtu, inakata kipande, ndipo kinaingizwa LMMS. Hatua hiyo ya ziada inachosha, lakini inafundisha sikio. Kipande kihifadhiwe kwa WAV, kwa sababu MP3 mara nyingi inaongeza kimya kidogo mwanzoni, na mzunguko unajikwaa. Tena, miraba 16 inayoonekana programu ikifunguka si sheria. Wimbo unaotembea kwa tatutatu unataka 12, na miraba inaweza kupunguzwa. Wengi hawajui hilo, wanalazimisha mdundo wa nyumbani uingie kwenye sanduku lisilo lake.

Jambo hili linawagusa zaidi waliohama. Likasi inajua kuhama ni nini. Mwaka 1992 na 1993, maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa makwao na kulala kwenye gare ya mji huu zikisubiri treni. Baadaye vita vilikimbiza watu wa Mitwaba, Pweto na Manono. Anayekimbia anaacha mbuzi, sufuria na shamba. Wimbo wa kutwanga mihogo au wa kulilia wafu anaubeba kichwani. Asipourithisha, utazikwa naye.

Familia hizo nyingi hazina kompyuta, lakini telefone ipo. Kipande cha sekunde 4 kwa WAV ya njia moja hakifiki nusu megabaiti. Kikitumwa kwa WhatsApp, kitumwe kama dokima, si kama ujumbe wa sauti, maana ujumbe wa sauti unabanwa na kupoteza ubora. Na kambo anayeimba aombwe ruhusa kwanza, jina lake liandikwe kwenye wimbo, na pesa zikiingia apate fungu lake. Kumrekodi kimyakimya na kuweka sauti yake chini ya ngoma ni kumpora kwa mara ya pili.

Vijana watajibu kwamba wateja wanataka mdundo unaochezwa Lagos na Johannesburg, na kwamba mafundi wote wanatumia FL Studio. Ni kweli kwa sehemu. Aliyezoea kupanga vipande ndani ya LMMS hatapotea sana akihamia FL Studio siku atakapopata pesa za kuinunua.

Basi anayeanza leo asianze kwa kuhesabu dola. Atafute mpiga gitaa wa kwartié au mama anayeimba akitwanga, awashe telefone, arekodi sekunde 4 zilizo safi. Programu itakayozipokea bila kumdai mega wala kumfungia kazi yake, hiyo inatosha kwa kuanzia.