Keja za Awamu: Kabla Awamu ya Pili Ianze, Soma Ile Notisi

Mei 2025, wasee wa kwanza walipewa funguo za keja mpya pale Mukuru. Nyumba 1,080. Iko fiti, lakini piga hesabu: mradi mzima ni nyumba 13,248. Yaani hizo za kwanza hazikufika hata moja kwa kumi.

Shida ya kujenga kwa awamu ni hii. Keja ndio huleta doh, so zinakuja kwanza. Shule, soko na laini ya maji taka ni rahisi kusukumwa "awamu ijayo". Doh ikikatika katikati, walioingia mapema ndio wanaumia.

Hapo ndio kazi ya kanjo. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka mwenye kuomba kibali cha ujenzi atangazie umma, na wewe unaweza kupeleka pingamizi. Lakini cheki hii: siku 60 zikiisha bila jibu la maandishi, kibali kinahesabika kimetoka. Kanjo akinyamaza, amekubali.

Si lazima upinge keja. Dai tu iandikwe kwenye kibali: awamu ya pili haianzi kabla shule na maji taka ya kwanza kuisha. Kama umeandikwa kazi, 1.5% ya mshahara wako inaenda kwa nyumba za serikali. Uko na haki ya kuuliza.