Miezi Mitatu Isiyowekewa Fungu



Barua ya kuitwa chuoni ikifika nyumbani, furaha huwa ya mtaa mzima. Mama hutafuta sanduku, baba humwendea shemeji yake kwa mkopo mdogo, shangazi hutoa kanga mbili na shuka. Karo ya muhula wa kwanza hupatikana kwa njia moja au nyingine, na binti hupanda matatu ya Voi akisindikizwa na dua. Hayo yote ni mema. Wiki hii twataka kuzungumza na wazazi wa Mwatate, na wa Taita Taveta kwa jumla, juu ya kipindi kingine cha masomo yake kijacho kimya kimya baada ya mwaka au zaidi, ambacho hakuna anayekitayarishia chochote: ile miezi mitatu ya mafunzo kazini, ambayo vijana wenyewe huiita atachimenti.

Kwa tunavyoona sisi, ni katika miezi hiyo, kuliko katika mitihani, ndipo mabinti zetu wengi wanapokwama. Chuo cha ufundi si kama shule ya sekondari, ambako mwenye kufaulu karatasi amemaliza. Mwanafunzi wa umeme, wa mabomba, wa upishi, wa uhasibu au wa ustawi wa jamii hana budi kukaa mahali pa kazi kwa muhula mzima, ajaze daftari lake kila siku, msimamizi atie sahihi, na mwalimu atoke chuoni aje amkague. Asipofanya hivyo hapewi cheti, hata awe wa kwanza darasani. Na kazi hiyo kwa kawaida haina mshahara. Nauli, chakula cha mchana, viatu vya kazi, bima, pengine na kodi ya chumba, vyote hutoka mfukoni mwa mzazi aliyedhani kwamba ameshamaliza kulipa.

Hapo ndipo husikika maneno haya: "Mwanangu, ngoja kwanza mwaka huu, tutaona mwakani." Mwakani akaposwa, au akaenda kumsaidia dada yake dukani Mombasa, na daftari la chuo likabaki juu ya kabati. Hatusemi kuposwa ni kosa. Ndoa ni kheri. Twasema tu kwamba aliyebakisha miezi mitatu hakustahili kuachwa njiani na watu wale wale waliomlipia miaka miwili.

Tuzungumze fedha kidogo, kwa kuwa ndizo hutajwa kwanza. Mwaka wa 2018 serikali ilianza kumtolea kila mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha umma shilingi 30,000 kwa mwaka, katika karo iliyokuwa 56,420. Mwaka wa 2023 ukaja mfumo mwingine: karo ikawekwa 67,189, na malipo yakagawanywa mafungu matatu, yaani ufadhili, mkopo na mchango wa nyumbani, kwa kadiri ya uwezo wa familia. Mkopo wa HELB hutozwa asilimia 4 kwa mwaka, na tunazijua familia ambazo kwa sababu hiyo hazitaki hata kuiona fomu yake. Hukumu ya jambo hilo si ya safu hii. Waulizwe maulamaa wetu. Lakini kuukataa mkopo si kukataa kila kitu. Fungu la ufadhili halirudishwi, wala basari ya kaunti, wala ile ya mfuko wa maendeleo wa eneo bunge. Basari hizo zina fomu zake na siku zake za mwisho, na mara nyingi zinawapita watu wetu kwa sababu tu hakuna aliyeuliza mapema.

Kuuliza ndilo jambo tunalotaka kulikazania. Vyuo vya ufundi vya umma huwa na afisa wa uhusiano na waajiri, ambaye kazi yake ni kuwatafutia wanafunzi nafasi za mafunzo kazini na kuwaandikia barua za utambulisho. Yuko pia mlezi wa wanafunzi, yuko mshauri nasaha, na vyuo vingi sasa vina ofisi ya huduma za kazi, inayomfundisha kijana kuandika wasifu wake na kujibu maswali ya usaili. Watu hawa wanalipwa kwa ajili ya mwanao. Mama mmoja wa hapa Mwatate alituuliza kama mzazi anaruhusiwa kufika chuoni bila kuitwa kwa kosa la mtoto. Anaruhusiwa, na aende. Yafaa aende katika muhula wa pili, wakati hakuna tatizo lolote, ajitambulishe, aulize ni lini kundi la binti yake litatoka na ni wapi waliotangulia walipokewa. Binti aliyelelewa kutopayuka mbele ya wakubwa hatakwenda kugonga mlango wa ofisi ile mara ya pili akiambiwa rudi kesho. Nafasi nzuri huchukuliwa na wanaorudi mara ya tatu na ya nne.

Wazazi wengi huogopa umbali, nao wana haki. Binti wa miaka 20 kwenda kupanga chumba peke yake katika mji asioujua ni jambo zito, na si kwa Waislamu peke yao. Lakini mbona twamwacha aandikiwe Nairobi wakati kazi ziko hapa? Mwatate ni makao ya kaunti. Ofisi za uhasibu, za ununuzi, za kilimo, za ustawi wa jamii na za kompyuta ziko mwendo wa miguu kutoka stendi. Shamba la mkonge la Teita, mojawapo ya makubwa zaidi duniani, haliendeshwi na wakataji wa mkonge peke yao. Lina mitambo, magari, umeme, maji na vitabu vya hesabu. Ukifika Voi kuna hospitali ya rufaa ya Moi, kampuni ya maji ya TAVEVO, ofisi za hifadhi ya Tsavo Mashariki, kituo cha reli, na gereji zilizojipanga kando ya barabara kuu ya Mombasa. Mwanafunzi wa Voi, awe katika chuo ambacho wazee wamekizoea kwa jina la Coast Institute of Technology au katika Chuo Kikuu cha Taita Taveta, aweza kulala kwao Mwatate na kwenda kazini kwa matatu ya asubuhi. Sharti aombe mapema, kabla nafasi hizo hazijajazwa na wanaotoka mbali.

Na tuseme jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya ndugu zetu. Wenye gereji, maduka ya vifaa vya ujenzi na karakana katika jamii yetu hawakosi kumpokea mtoto wa kiume wa jirani aje ajifunze kazi, bila barua wala daftari. Binti akija na barua ya chuo na bima mkononi, huambiwa hapa si mahali pake. Kisha sisi sisi hulalamika kwamba watoto wetu wa kike wanafunzwa kazi na watu tusiowajua. Mwenye karakana anatakiwa mambo machache tu: amweke chini ya msimamizi anayeijua kazi, atie sahihi daftari kila wiki, na akubali mwalimu wa chuo aje kukagua.

La vazi huulizwa sana. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa sababu ya dini, na inayataja mavazi kwa jina lake. Kifungu cha 32 kinasema mtu asinyimwe kuingia katika taasisi wala kazi kwa ajili ya imani yake. Ni vizuri binti ayajue hayo, lakini asiyafanye kuwa salamu yake ya kwanza. Karakana nayo ina sharia yake, isiyotofautisha Mwislamu na asiye Mwislamu: kitu kinachoning'inia karibu na mashine inayozunguka huvuta mtu. Pini karibu na nyaya za umeme ni hatari. Nailoni huyeyuka ikirukiwa na cheche za kuchomelea vyuma na kugandamana na ngozi. Basi ashone mtandio mfupi wa pamba usiohitaji pini, ncha zake ziingizwe ndani ya ovaroli, na ovaroli yenyewe iwe pana kuliko kipimo chake, na kofia ngumu ikae juu. Amwonyeshe msimamizi siku ya kwanza, kabla hajaulizwa. Siku hiyo hiyo amweleze nyakati za swala, hasa adhuhuri na alasiri, na kama muhula utaangukia Ramadhani amwambie pia. Wasimamizi wengi hawana chuki; hawajui tu, na husumbuka wanapoona mtu ametoweka dakika kumi bila taarifa.

Wanafunzi wa upishi na hoteli wana mtihani wao. Kaunti yetu ina hoteli za kitalii, na zile za Taita Hills na Salt Lick, kwenye barabara ya Taveta, zimo humu humu Mwatate. Mwanafunzi aliyepelekwa hoteli ya kitalii aweza kutakiwa kuhudumia pombe au kushika nyama ya nguruwe, na tumesikia wazazi waliomwondoa binti yao katikati ya muhula kwa sababu hiyo. Uamuzi wao tunauheshimu. Lakini muhula ukishakatwa, umekatwa. Suala hilo yafaa limalizwe kabla ya barua kuandikwa: jiko la hospitali, la shule ya bweni au mkate na keki katika tanuri la mjini vyaweza kumpa saa zile zile na sahihi ile ile, ilimradi chuo kimekubali mahali hapo. Hata hoteli kubwa zina idara ya usafi wa vyumba na ya mapokezi. Na asisahau cheti cha afya, ambacho kila anayeshika chakula cha kuuza hutakiwa kuwa nacho.

Sasa lile lisilopenda kusemwa. Sahihi ya msimamizi ni funguo, na wako wanaume wachache wanaoiuza. Binti huambiwa abaki baada ya wenzake kuondoka, au aje na daftari lake mahali pasipo ofisi. Hunyamaza, kwa kuwa anajua akisema nyumbani ataambiwa, "Basi rudi, chuo kimekwisha," na adhabu itamwangukia yeye. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inamtaja wazi mwenye mamlaka anayemsumbua aliye chini yake. Ukaguzi wa mwalimu wa chuo si wa alama peke yake. Ni nafasi ya kulisema hilo, na chuo chaweza kumhamisha mwanafunzi mahali pengine bila kupoteza muhula. Nambari ya 1195 hupigwa bila malipo. Lakini kinga ya kwanza ni mama aliyemwambia binti yake kabla hajaondoka: ukiniambia, sitakukatiza masomo.

Kwa akina mama wenyewe tuna neno fupi. Wako kati yenu mafundi wa kushona, wa nywele na wa mapishi walioijua kazi miaka mingi bila kukanyaga chuo. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, huendesha majaribio ya ufundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, ambapo fundi hupimwa kwa kazi ya mikono yake na kupewa cheti cha serikali. Mama mwenye cheti hicho hahitaji kuajiriwa na mtu ili kimfae. Humsaidia kuomba zabuni ya sare za shule. Tutalirudia jambo hili siku nyingine, linastahili makala yake.

Lililobaki ni hesabu. Mzazi achukue nauli ya kwenda na kurudi, aizidishe kwa siku za kazi za wiki 12, aongeze chakula, viatu na bima, na kiasi hicho akianze kukiweka tangu mwezi ule binti alipojiunga, hata kama ni shilingi 50 kwa siku katika kikopo cha jikoni. Vyama vya akina mama vinavyochangiana kwa ajili ya arusi na matanga vyaweza kuwa na fungu la tatu. Na familia zilizoko Voi, Mombasa au Taveta zenye chumba kimoja cha ziada, zikiwaambia maimamu wao kwamba ziko tayari kumkaribisha mwanafunzi wa kike kwa miezi hiyo, wazazi wa Mwatate watajua pa kuanzia kuuliza.

Mihula ya vyuo vya ufundi huanza Januari, Mei na Septemba. Anayetaka kwenda kazini Mei awe na wasifu wake uliochapwa na orodha ya sehemu tano kufikia mwanzo wa Februari, na barua zote tano zipelekwe kwa mkono, si kwa kumtuma mtu.