Makohozi hayana TB, dawa za TB za nini?

Mgonjwa amekohoa miezi minne. Makohozi yake yanapimwa kwa GeneXpert, vimelea havionekani. Picha ya kifua inaonyesha madoa na tezi zilizovimba pande zote mbili, basi anaandikiwa dawa za TB. Anazimaliza zote, na kikohozi kiko palepale.

Daktari kuanza na TB hana kosa. Kenya, Uganda na Tanzania zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Kosa ni kuishia hapo.

Upo ugonjwa uitwao sarkoidosisi. Hauambukizi, na chanzo chake hakijulikani. Kinga ya mwili hujenga vivimbe vidogovidogo, na kwa zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa hukaa kwenye mapafu au tezi za kifuani. Kinachosahaulika ni njia za hewa zenyewe. Utando wa ndani wa mirija huvimba, nafasi ya pumzi ikapungua; tezi nazo zinaweza kuikandamiza mirija kwa nje. Kwa wachache ugonjwa hupanda hadi kwenye zoloto, sauti ikakwaruza. Kifua kikianza kupiga filimbi, mgonjwa huongezewa dawa ya kupuliza ya pumu. Sasa ana kadi mbili za kliniki, na hakuna iliyoandikwa ugonjwa wake.

Nchini Marekani weusi huugua zaidi kuliko weupe. Mchekeshaji Bernie Mac, aliyefariki 2008, alikuwa nao. Hapa kwetu unaitwa ugonjwa nadra. Tunashuku ni nadra kwa kuwa hautafutwi.

Vivimbe vya mwanzo mara nyingi husinyaa kwa prednisoloni, na wapo wanaopona bila dawa. Kovu likishaubana mrija halitoki kwa vidonge. Wala kubahatisha hakufai: prednisoloni akipewa mwenye TB asiyetumia dawa za TB, ugonjwa hupamba moto. Lazima kichukuliwe kinyama kutoka kwenye mrija au tezi, kikasomwe kwa hadubini, huduma ambayo wengi huifuata hospitali kubwa za mijini.

Wizara za afya ziagize kila aliyeanzishiwa dawa kwa picha tu apitiwe upya mwezi wa pili, asingojewe hadi wa sita. Kipimo cha nguvu ya pumzi kifike hospitali za mikoa na kaunti. Nawe unayemeza dawa za TB, usiziache kwa kusoma gazeti. Rudi kwa daktari umuulize kama ugonjwa wako ulithibitishwa.