Nyumba ya Sungura

Mwezi uliopita tulinena habari za kuku na viota vyao. Mwezi huu twapenda kunena juu ya mnyama mwingine ambaye watoto wengi humfuga, si kwa ajili ya nyama, bali kwa kumpenda tu, naye ni sungura. Watoto humpa jina, humletea majani watokapo shuleni, humbeba kifuani. Lakini tukienda nyuma ya nyumba kutazama mahali anapolala, mara nyingi twaona kasha dogo la mbao lenye kipande cha bati juu yake, nalo limewekwa juani. Ndani yake sungura ameketi kimya. Wenyewe husema, "Tazameni alivyo mpole." Sisi twasema huo si upole, hana nafasi ya kufanya neno lingine.

Kwanza yafaa tumjue ni mnyama gani. Lugha yetu humwita sungura, na yule wa porini pia twamwita sungura, walakini hawa ni mbalimbali. Wa porini hachimbi shimo. Hulala juu ya nchi katika majani, na adui akija hutegemea miguu yake. Huyu wa kufugwa asili yake ni Hispania na kusini ya Ufaransa, na jamaa zake wa mwituni hukaa wengi pamoja katika mashimo marefu waliyoyachimba wenyewe. Mchana hujificha chini penye ubaridi. Jioni na alfajiri hutoka kula majani na kukimbia. Basi anayetaka kumjengea na akumbuke shimo lile na uwanja ule. Kasha ni badala ya shimo tu. Uwanja wake uko wapi?

Huko Uingereza, ambako watu wengi hufuga sungura nyumbani, chama kiitwacho Rabbit Welfare Association and Fund hushauri kwamba sungura wawili wapewe mahali penye urefu wa mita 3, upana mita 2, na kimo mita 1. Twajua baba wa nyumba ataguna, na kusema mahali kama hapo yeye angefunga mbuzi. Sisi hatutagombana naye kwa ajili ya shubiri moja. Lakini na amtazame sungura aliyefunguliwa: huruka mara tatu nne, hujigeuza hewani, kisha husimama kwa miguu ya nyuma, masikio juu, akichungulia huku na huku. Nyumba ambayo hawezi kufanya hayo ndani yake ni ndogo, na akikaa humo siku zote mifupa yake hudhoofika. Wala si lazima kununua mbao nyingi. Kasha lile lile la zamani na liwe chumba cha kulala, na mlango wake ufunguke kwenye ua uliozungushiwa na kufunikwa wavu wa waya, aingie na kutoka apendavyo.

Sasa tunene juu ya joto, maana ndilo linalowaua wengi katika nchi zetu, hasa Pwani. Sungura hatoki jasho kama sisi. Joto la mwili wake hutoka zaidi kwa njia ya masikio. Hewa ikipita digrii 30 yumo hatarini, na chini ya bati lililopigwa na jua la saa sita kasha huwa kama tanuri. Mtoto akirudi alasiri humkuta amejinyosha, anahema upesi upesi, masikio ya moto, mdomo umelowa. Au amekwisha kufa. Hapo watu husema amekula jani baya, na wengine husema amerogwa. Hakurogwa; ameokwa. Akikutwa angali hai, aondolewe upesi kivulini, masikio yake yapanguswe kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, apewe maji ya kunywa, wala asitumbukizwe katika ndoo.

Kwa hiyo banda na likae chini ya mwembe au mti mwingine wenye kivuli kizito. Kuta zilizozibwa zielekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie. Paa la makuti au nyasi ni bora kuliko bati. Mwenye bati na aweke nyasi nene juu yake. Pia tazameni mvua ya kwenu hupiga kutoka upande gani, mkauzibe. Katika milima kama ya Lushoto, ambako usiku wa Juni na Julai una baridi, majani makavu tele chumbani yatosha. Sungura mkavu huvumilia baridi kuliko tunavyodhani.

Adui wa pili ni wale wajao usiku. Sungura wa hadithi humshinda fisi kwa akili. Huyu wa bandani hana akili itakayomfungulia mlango siafu wakija. Aliye huru hukimbia, bali aliyefungwa huliwa akiwa hai. Chumba kiwe juu ya miguu minne, kila mguu ndani ya kopo lenye maji na mafuta kidogo, wala jani lolote lisiguse banda likawa daraja. Usiku afungiwe humo, na ubao wa kushukia uani uondolewe. Wavu mwembamba wa kuku haufai: mbwa huurarua. Tafuteni mgumu, wenye matundu yasiyopitisha kidole gumba, nao uzikwe ardhini kadiri ya nusu mita, kwa kuwa sungura huchimba kutoka ndani na nguchiro kutoka nje. Mlango uwe na komeo, kamba hutafunwa. Na uani pawe na mahali pa kujificha, kama bomba pana au kasha lenye milango miwili, kwani mbwa akibweka karibu sungura aweza kufa kwa hofu tu.

Sakafu ya waya mtupu huumiza nyayo, maana sungura hana nyama ngumu chini ya mguu kama paka, ana manyoya tu. Wekeni ubao na majani makavu. Majani yaliyolowa yatolewe kila asubuhi, kwa sababu harufu ya mkojo hudhuru macho na mapafu; samadi yake migomba huipenda sana. Na sungura asikae peke yake. Madume wawili hupigana, na dume na jike watazaa kila baada ya siku 31 hivi mpaka mjute. Bali majike wawili wa tumbo moja hupatana mara nyingi, au jike na dume aliyehasiwa na daktari wa mifugo.

Maji yawekwe katika chungu kizito kisichopinduka. Majani yapi ya kuwalisha, na yapi yana sumu, tutanena mwezi ujao.