China yaichunguza Juba: nani Juba anayeichunguza China?

Mwishoni mwa Aprili 2012, Sudan Kusini ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja tangu ijipatie uhuru, serikali yake ilitangaza mjini Juba kwamba China imekubali kuikopesha dola bilioni 8 za Marekani. Msemaji wa serikali wakati huo, Barnaba Marial Benjamin, alisema fedha hizo zingegharimia barabara, madaraja, umeme wa maji, kilimo na mawasiliano, tena ndani ya miaka miwili. Rais Salva Kiir alikuwa ndiyo kwanza ametoka Beijing, katika ziara aliyoikatiza kwa sababu ya mapigano ya Heglig, eneo ambalo Wasudani Kusini huliita Panthou. Mkopo wa kiasi hicho haukuja.

Kisa hicho kimezoeleka kuelezwa kwa njia mbili. Wapo wasemao kwamba China iliahidi ikageuka, na wapo wasemao kwamba Juba ilitia chumvi ili kuwatuliza wananchi waliokuwa wakiishi bila mapato ya mafuta tangu visima vilipofungwa Januari mwaka huo. Upo uwezekano wa tatu usiojadiliwa sana, nao ni kwamba pande mbili zilikaa meza moja, zikasema maneno yaleyale kupitia wakalimani, na kila upande ukaondoka na maana yake.

Sisi ambao riziki yetu ni kutafsiri habari twalijua tatizo hili kwa karibu. Lugha ya Kichina ina neno yanjiu, ambalo kamusi yoyote itakuambia kuwa maana yake ni utafiti au kuchunguza jambo. Lakini afisa wa China akikwambia kuhusu ombi lako kwamba watalifanyia yanjiu, mara nyingi amekukatalia kwa adabu. Wachina wenyewe hulifanyia mzaha neno hilo, kwa kuwa matamshi yake hukaribiana na yale ya sigara na pombe, yaani zawadi ambazo huenda zikaharakisha uchunguzi huo. Mkalimani atakupa neno, wala hana kosa. Kinachokosekana ni mtu wa upande wako aliyeisoma jamii inayolitumia neno lile.

Sudan Kusini inao wangapi wa namna hiyo?

Uhusiano mzito, elimu nyepesi

Hakuna nchi ya nje iliyoshikamana na uchumi wa Sudan Kusini kuliko China. Shirika la mafuta la China, CNPC, liliingia Sudan katikati ya miaka ya 1990, na mafuta ya kwanza yakasafirishwa kupitia Bahari ya Shamu mwaka 1999, wakati vita vya kusini vikiendelea. Beijing ilifungua ubalozi mdogo Juba mwaka 2008, miaka mitatu kabla ya uhuru, na siku yenyewe ya uhuru, Julai 9, 2011, ikaanzisha uhusiano wa kibalozi na taifa jipya. CNPC ina asilimia 41 ya hisa katika kampuni ya Dar Petroleum inayochimba mafuta ya Paloch, jimbo la Upper Nile. Petronas ya Malaysia, iliyokuwa na asilimia 40, ilitangaza mwaka 2024 kwamba inaondoka.

Nje ya visima, madaktari kutoka jimbo la Anhui hufanya kazi katika Hospitali ya Mafunzo ya Juba. Mwaka 2015 China ilipeleka Sudan Kusini kikosi cha askari 700 wa miguu chini ya Umoja wa Mataifa, batalioni yake ya kwanza kamili ya aina hiyo katika ulinzi wa amani. Wawili kati ya askari wake waliuawa mjini Juba katika mapigano ya Julai 2016. Na kampuni ya uchapishaji ya jimbo la Hunan ndiyo iliyopewa kazi ya kutayarisha vitabu vya hisabati, sayansi na Kiingereza kwa ajili ya shule za msingi za nchi hii.

Kwa upande wa elimu, Beijing ilianza mapema. Mwaka 1961 China iliunda taasisi ya kuchunguza Asia Magharibi na Afrika, ambayo leo iko chini ya Akademia ya Sayansi ya Jamii. Mwaka huohuo Kiswahili kikaanza kufundishwa katika Chuo cha Lugha za Kigeni cha Beijing, na tarehe 1 Septemba redio ya Beijing ikaanza kutangaza kwa Kiswahili, miezi mitatu kabla Tanganyika haijapata uhuru. Chuo Kikuu cha Ualimu cha Zhejiang kikaanzisha taasisi yake ya masomo ya Afrika mwaka 2007, na Taasisi ya China na Afrika ikazinduliwa Beijing mwaka 2019. Orodha hii ni sehemu tu.

Hata historia ya Juba wanayo. Charles Gordon, yule Mwingereza aliyefika Gondokoro, jirani na Juba ya leo, mwaka 1874 kuwa gavana wa Equatoria, alipachikwa jina la Gordon wa China kwa kuwa miaka kumi kabla alikuwa ameongoza jeshi lililosaidia kuzima uasi wa Taiping huko China. Waziri Mkuu Zhou Enlai alipozuru Khartoum Januari 1964 hakusahau kuwakumbusha wenyeji wake kuhusu mtu huyo waliyemuua mwaka 1885. Mgeni alifika akiwa na kumbukumbu inayomuunganisha na mwenyeji. Sina hakika kama msafara wa Juba uendao Beijing hupakia kumbukumbu ya namna hiyo katika mizigo yake.

Utafiti upo, ila waandishi wako mbali

Si kweli kwamba uhusiano huu haujaandikwa. Luke Patey wa Taasisi ya Denmark ya Masomo ya Kimataifa alichapisha mwaka 2014 kitabu kizima juu ya kampuni za China na India katika mafuta ya Sudan mbili. Kabla yake, mwaka 2011, yeye na Daniel Large walihariri mkusanyiko wa makala kuhusu Sudan na mataifa ya Asia. Shirika la International Crisis Group lilitoa ripoti juu ya China na Sudan Kusini mwaka 2012 na nyingine mwaka 2017. Katika mkusanyiko wa 2011 imo sura ya Leben Nelson Moro wa Chuo Kikuu cha Juba kuhusu watu waliohamishwa ili kupisha mafuta, na ndani yake sauti ya mwenyeji inasikika.

Lakini karibu kazi zote hizo huiangalia China kama dola na kampuni, yaani mikataba, mabomba, kura katika Baraza la Usalama. Mchina mwenyewe, anayetoka kijiji fulani, mwenye wazazi, deni la nyumba na mtoto anayelelewa na bibi yake huko Hunan, haonekani. Na huyo ndiye ambaye raia wa Sudan Kusini hukutana naye kila siku.

Chukua mfano wa kambi za mafuta. Malalamiko ya miaka mingi kutoka Paloch na kwingineko ni kwamba Wachina hujifungia nyuma ya uzio, hula chakula chao, hutibiwa na daktari wao, hawachanganyiki. Wengi husema ni dharau. Sababu za usalama zipo, bila shaka, kwani mwaka 2008 wafanyakazi wa CNPC walitekwa Kordofan Kusini na baadhi yao wakauawa. Lakini aliyesoma historia ya jamii ya China angekumbuka pia mfumo wa danwei, kitengo cha kazi ambacho kwa miongo kadhaa kilimpa mfanyakazi wa mjini nyumba, kantini, zahanati, shule ya watoto, hata kibali cha kuoa, vyote ndani ya ukuta mmoja. Mji wa mafuta wa Daqing, uliokua baada ya mafuta kugunduliwa huko kaskazini mashariki mwaka 1959, ulikuwa mfano uliosifiwa kuliko yote, na ndio uliowalea wahandisi wa mafuta wa China. Kambi ya Paloch ina asili yake huko.

Kujua hivyo hakumsafishii maji mkazi wa Melut anayelalamikia uchafuzi wa mafuta. Kunamsaidia kwa njia nyingine: kujua ni mlango gani wa kubisha. Katika kampuni za dola ya China, kando ya meneja huwa kuna katibu wa chama, na uamuzi mzito haupiti bila yeye. Barua inayoandikwa kwa meneja wa kambi peke yake huenda ikafika kwa mtu asiye na mamlaka ya kuijibu.

Kwamba utafiti wa karibu namna hii unawezekana, jirani wameshuhudia. Mwanaanthropolojia Miriam Driessen aliishi na wajenzi wa barabara wa Kichina kaskazini mwa Ethiopia, na kitabu chake kilichotoka mwaka 2019 kinaonyesha picha ambayo wengi hawakuitarajia: wasimamizi wengi ni watoto wa wakulima waliokuja kutafuta maisha, na vibarua wa Ethiopia waliwapeleka mahakamani mara kwa mara na kushinda. Vibarua hao walijua mwajiri wao anaogopa nini. Driessen naye hakutoka Ethiopia, wala China.

Darasa moja la London

Kuna jambo ambalo chuo cha Juba kingeweza kuliona haraka kuliko chuo chochote cha Ulaya. Mwaka 1940 Evans-Pritchard alichapisha kitabu chake maarufu juu ya Wanuer, matokeo ya utafiti ulioombwa na serikali ya kikoloni ya Sudan muda mfupi baada ya operesheni zake za kijeshi dhidi ya watu hao. Mwaka mmoja kabla, Fei Xiaotong alikuwa amechapisha utafiti wake juu ya kijiji cha Kaixiangong, jimbo la Jiangsu. Wote wawili walisoma katika chuo kilekile cha London, na wote waliketi mbele ya mwalimu yuleyule, Bronisław Malinowski.

Tofauti ni kwamba Fei aliandika juu ya watu wake mwenyewe, jambo ambalo Malinowski alilisifu katika dibaji. Baadaye Fei alieleza kuwa jamii ya Kichina ni kama miduara ya maji jiwe linapotupwa ziwani: kila mtu yuko katikati ya miduara yake ya ndugu, jamaa na marafiki, na wajibu hupungua kadiri mduara unavyokwenda mbali. Mwanafunzi wa London hulazimika kufafanuliwa wazo hilo kwa saa nzima. Mwanafunzi wa Kidinka, anayeweza kutaja mababu zake hadi vizazi vingi na anayejua ni nani atakayechangia ng'ombe wa mahari yake, amelishika kabla mhadhara haujaisha. Francis Mading Deng alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba Mdinka anaweza kuandika juu ya Wadinka kwa kiwango cha juu kabisa. Hatua inayofuata ni Mdinka, Mnuer au Mbari kuandika juu ya watu wa Jiangsu.

Mtu atauliza iwapo taasisi za Confucius hazitoshi. Nairobi ina ya kwanza barani Afrika tangu 2005, Dar es Salaam na Dodoma zikafuata mwaka 2013, Makerere mwaka 2014. Zimefundisha Kichina kwa maelfu, na hilo ni jema. Ila taasisi inayogharimiwa na China hufundisha kile ambacho China ingependa kijulikane, kama ambavyo taasisi za Waingereza na Wafaransa zilivyofanya kabla yake. Huwezi kutarajia hapo kozi juu ya hukou, mfumo wa usajili wa kaya wa mwaka 1958 unaomfanya mkulima anayehamia mjini aishi kama mgeni katika nchi yake. Na ufadhili wa masomo unaotolewa kwa vijana wa Sudan Kusini umeelemea uhandisi, udaktari na mafuta. Wanarudi wakiongea Kichina safi na wakijua kupima shinikizo la kisima.

Kikwazo kikubwa ni cha nyumbani. Chuo Kikuu cha Juba, kilichoanzishwa mwaka 1975, kilihamishiwa Khartoum kwa miaka mingi kwa sababu ya vita. Mwaka 2024, bomba linalopitisha mafuta Sudan lilipopasuka katikati ya vita vya nchi hiyo, watumishi wa umma walikaa miezi mingi bila mishahara. Kumwambia mhadhiri asiyelipwa aanzishe masomo ya China ni kama kumwomba mtu mwenye njaa akupikie karamu. Hata hivyo, nchi hii ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 iliona haja ya kuwajua majirani kwa lugha yao, na ikaiomba Tanzania walimu wa Kiswahili. China si jirani wa mpakani, lakini mwaka 2019 serikali iliamua kutenga mapipa 30,000 ya mafuta kila siku kwa ajili ya miundombinu, na wajenzi walikuwa Wachina.

Septemba 2024, mkutano wa Beijing uliinua uhusiano wa China na mataifa yote ya Afrika yenye uhusiano wa kibalozi nayo hadi ngazi iitwayo ya kimkakati. Tulilitafsiri neno hilo siku ileile, kama kila chombo cha habari. Katika nyaraka za Beijing ngazi hizo zina daraja nyingi, na kila kivumishi kinachoongezwa au kupunguzwa huwa na uzito wake. Vijana waliorudi kutoka vyuo vya China, wanaofanya ukalimani katika maeneo ya ujenzi kati ya Juba na Rumbek, wanaweza kuzisoma nyaraka hizo kwa lugha zilimoandikwa. Kuwapa wawili au watatu kati yao meza, mshahara mdogo na mwaka mmoja wa kuandika wanayoyajua kungegharimu chini ya thamani ya mafuta ya saa chache.