Laki Nne za Siri

Mpenzi msomaji, mwezi huu sina ushauri wa mavazi wala wa mtoko wa wikiendi. Nina kosa langu mwenyewe la kukiri.

Mwaka jana mama yangu aligundulika ana saratani ya titi. Mimi na mume wangu tukafungua akiba ya pamoja kwa ajili ya matibabu. Siku moja shoga yangu wa ofisini akaninong'oneza, "Dada, kuna unga unaongeza kinga ya mwili. Unamaliza saratani kabisa!" Nikachomoa laki nne, kimyakimya. Nilijiambia nitazirudisha kabla mume hajajua.

Wiki tatu baadaye, siku ya kliniki, daktari akauliza, "Mama, kuna kitu kingine unatumia?" Mama wa watu hajui kuficha. Akatoa kopo kwenye mkoba, na mume wangu amekaa pale pale. Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Daktari hakunigombeza. Alitueleza kwamba kinga ya mwili ni kama gari: ina mwendo, lakini ina breki pia, ili isije ikaushambulia mwili wenyewe. Saratani nyingine ni janja, hukanyaga hizo breki na kinga ikabaki imesimama. Dawa mpya za kinga zinachofanya ni kuachia breki. Waliofungua njia hiyo, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, saratani yake ya ngozi ilifika hadi kwenye ubongo mwaka 2015. Akapewa mionzi pamoja na mojawapo ya dawa hizo, pembrolizumabu. Alifariki Desemba 2024, akiwa na miaka 100.

Nikadakia, "Basi na mama apewe!" Daktari akatikisa kichwa. Haifai kwa kila saratani wala kila mgonjwa, lazima uvimbe upimwe kwanza. Bei yake nayo si mchezo. Halafu breki zikiachiwa, kinga inaweza kugeukia utumbo, mapafu, ini au tezi ya shingo. Kwa saratani ya mama, tiba iliyofaa ilikuwa kemo aliyokwisha kuianza. Na unga? Hakuna aliyeupima kwa saratani yoyote. Akatuambia tuuache.

Njia nzima ya kurudi nyumbani, kimya. Tulipofika getini mume wangu akasema, "Mama Junior, laki nne si shida. Shida ni kwamba uliogopa peke yako."

Hapo ndipo nililia.

Kwa hiyo wapendwa, ugonjwa ukiingia nyumbani, nendeni kwa daktari mkiwa wawili. Mtajieni kila kitu anachotumia mgonjwa, hata majani ya chai ya jirani. Mkiletewa dawa ya "kinga", ulizeni: imepimwa na nani, kwa saratani ipi, na madhara yake ni yapi? Anayekwambia inatibu kila kitu na haina madhara, huyo mkimbieni.

Mama amemaliza kemo, sasa anasubiri upasuaji. Na mimi deni langu nalilipa kidogo kidogo. Mwenye akiba anakubali na pilau ya Jumapili.

Tukutane mwezi ujao!